Slipu Yangu ya Zamani Inakuhusu Nini?

"Tuma slipu za mshahara za miezi mitatu iliyopita ili tuandae ofa." Mdogo wangu kaletewa ujumbe huo baada ya kufaulu usaili, na tangu anionyeshe damu inanichemka. Wameuchomeka katikati ya orodha, baina ya nakala za vyeti na picha za pasipoti, utadhani ni jambo la kawaida tu.

Nauliza: nani aliamua kwamba mshahara wa mtu upangwe kwa kutazama alikotoka? Bajeti ya nafasi ile ilipitishwa kabla tangazo halijatoka. Mkuu wa idara anaijua, mhasibu anaijua. Asiyeijua ni mwombaji peke yake, na ndiye anayeambiwa ataje wa kwanza! Akishataja, mazungumzo yamekwisha. Kinachobaki ni kumwongezea kidogo ashukuru.

Hebu tupige hesabu. Watu wawili, kazi moja. Mmoja alikuwa akilipwa 600, mwenzake 1,000, weka sarafu uitakayo. Mwajiri wetu mkarimu anawaongezea wote asilimia 20. Huyu anapata 720, yule 1,200. Pengo lilikuwa 400, sasa ni 480, na hakuna aliyekwisha kufanya kazi hata saa moja. Nyongeza za mwaka zikija kwa asilimia, linazidi kunenepa. Na yule wa 600 pengine hakuwa mzembe. Labda alianza kazi mwaka ambao ajira zilikauka. Labda ni mama aliyerudi kazini baada ya kulea, akapokea alichopewa. Basi bosi aliyempunja ndiye anayempangia bei kwa bosi mpya, na bado mnatuambia ni "viwango vya soko". Soko gani hilo ambalo mnunuzi anapekua mfuko wa muuzaji kabla ya kutaja bei?

Wenzetu kwingine wamelikataa jambo hili kisheria. Massachusetts, jimbo la Marekani, ilipitisha sheria mwaka 2016 kuwazuia waajiri kuuliza mshahara wa nyuma kabla ya kutoa ofa. California, jimbo jingine la huko, nayo ina katazo lake tangu Januari 2018, na sijasikia kampuni za huko zimekosa watu wa kuajiri. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2023, ukaongeza kwamba mwombaji aelezwe mapema mshahara wa kuanzia, au kiwango chake cha chini na cha juu, ukazipa nchi wanachama hadi Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao.

Haya, nakubali kwa shingo upande: zipo ajira zenye ngazi za mshahara zilizokwisha pangwa, na huko utajadili tu unaanzia ngazi ipi. Na ni kweli mwajiri anataka kujua mapema kama mtaelewana. Sawa. Ataje yeye kima chake, tumalize kwa dakika mbili.

Ukibanwa, rudisha swali kwa upole: "Nafasi hii imetengewa kiasi gani?" Kisha nyamaza. Ukimya huo unatesa, najua, na wengi hujishusha bei wenyewe ili tu kuuvunja. Wakikataa kabisa kujibu, taja unachotaka, si ulichokuwa unapata. Kudanganya usidanganye, uongo kwenye maombi ya kazi unaweza kukufukuzisha hata baada ya kuajiriwa.

Marupurupu nayo yasikulevye. Posho zinapendeza machoni, lakini mara nyingi pensheni na kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo jumla nono inaweza kuficha msingi mwembamba. Bima, uliza kama inawafikia watoto. Siku za likizo ziombe bila haya, maana hapo wengi hulegea upesi kuliko kwenye fedha. Wakikwambia "tutaangalia tena baada ya kipindi cha majaribio", waombe waandike tarehe na kiasi kwenye barua ya ajira, na usiache kazi uliyonayo kabla barua hiyo haijasainiwa.