Tuhifadhi saa ya Mtwara au saa ya seva?

Mfumo wa wavuti unaotengenezwa kwa ajili ya watu wa Mtwara na Lindi, uwe wa kupokea korosho kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), wa tiketi za basi au wa kliniki, hufika mahali waandishi wake wakagawanyika. Muda uingie kwenye hifadhidata kama saa ya hapa inavyosoma, au ugeuzwe kwanza uwe UTC, saa ya marejeo ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu?

Wanaotetea saa ya hapa wasibezwe. Tanzania nzima iko kwenye ukanda mmoja wa saa, UTC+3, na hatusogezi saa kufuata majira kama wafanyavyo Uingereza. Mhasibu akifungua jedwali anakuta saa ileile iliyo kwenye stakabadhi, na ripoti ya siku inaanza na kuishia saa sita usiku bila hesabu nyingine. Kwa mfumo wa ofisi moja yenye kompyuta moja, unyoofu huo ni faida ya kweli.

Shida inaanza mfumo unapotoka ofisini. Seva nyingi tunazokodi ziko ng'ambo na saa zake zimewekwa UTC. Mfumo ukihamishwa kutoka seva iliyofuata saa za Afrika Mashariki kwenda nyingine, rekodi za kabla na za baada ya kuhama zinapishana saa tatu, na hakuna alama ndani ya data inayoonyesha zilipoachana. Halafu kuna mpaka wa Ruvuma. Msumbiji iko UTC+2. Simu ya karani aliye Kilambo, au karibu na Daraja la Umoja kule Mtambaswala, ikinasa mtandao wa ng'ambo ya mto inaweza kujirudisha nyuma saa moja. Programu ikituma "10:15" tupu, seva inapokea muda wa uongo. Ikituma muda uliokwisha kugeuzwa UTC, basi simu isome saa ya Mtwara au ya Palma, rekodi inabaki sahihi. Kwa mikoa yetu naona hoja hii ina uzito kuliko nyingine zote.

Hata hivyo, wanaosema "weka UTC kila mahali" wanaharibu pale ambapo hawaangalii. Msimu ukipamba moto, lori linaweza kupimwa ghalani saa saba na nusu usiku, tarehe 12 Oktoba. Kwa UTC hiyo ni 22:30 ya tarehe 11. Ripoti ikikusanya mizigo kwa siku za UTC, kilo hizo zinaangukia jana, na karani mwenye daftari lililoandikwa 12 anaonekana ana upungufu. Mkulima anayesubiri malipo hana namna ya kujua kwamba kosa ni la saa. Dawa ipo, ni kugeuza ukanda kabla ya kukusanya, ila lazima mtu aikumbuke katika kila ripoti.

Tarehe ya kuzaliwa ni mbaya zaidi. Mzazi anachagua 5 Machi kwenye fomu; JavaScript, lugha ya programu inayotumika kwenye kivinjari, inaitengeneza kuwa saa sita usiku ya hapa; amri yake ya toISOString, inayoandika muda kwa UTC, inaigeuza kuwa saa 21:00 ya tarehe 4, nayo programu inakata sehemu ya saa na kuhifadhi tarehe 4. Mtoto sasa ana tarehe isiyolingana na cheti chake. Tarehe hiyo haikuwa na haja ya kugeuzwa hata kidogo, kwa sababu siku ya kalenda haina ukanda.

Kisha kuna ahadi za mbele. Mnada uliotangazwa saa nne asubuhi unafuata saa ya hapa, iwe vipi. Sudan Kusini ilitoka UTC+3 ikaingia UTC+2 tarehe 1 Februari 2021. Aliyekuwa amehifadhi miadi ya Machi ya saa 10:00 Juba kama 07:00 UTC, mfumo wenye kanuni mpya ulimwonyesha 09:00. Sitabiri kwamba Tanzania itafanya hivyo, lakini Juba ilikuwa nasi kwenye ukanda huuhuu.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: kilichokwisha kutokea, kama malipo na mzani, kiwe UTC, siku ya kalenda iwe tarehe tupu, miadi iwe saa ya hapa pamoja na jina la ukanda, Africa/Dar_es_Salaam, si "+03:00" peke yake. Temporal, nyenzo mpya ya JavaScript iliyoanza kupatikana katika Firefox mwaka 2025, inatenganisha aina hizi tatu waziwazi, jambo ambalo Date, nyenzo yake ya zamani ya mwaka 1995, haikulifanya.

Kwenye kioo, hifadhi yoyote utakayochagua haikusaidii. Kivinjari kikiambiwa kitumie Kiswahili kinabadili majina ya siku na miezi, lakini hakiondoi tofauti ya saa sita kati ya saa ya Kiswahili na ya kimataifa. Tiketi iandikwe "saa 12:00 asubuhi (06:00)", maana abiria wa Nachingwea akisoma 06:00 tupu anaweza kufika stendi adhuhuri.

Anayepinga atasema aina tatu ni kazi kubwa kwa mtengenezaji aliye peke yake. Kwa mfumo mpya sikubali, kwani ni uamuzi wa asubuhi moja. Kwa mfumo wenye misimu kadhaa ya rekodi zisizo na ukanda, ana haki: kuzigeuza kunahitaji kujua seva ilikuwa imewekwa saa gani kila mwaka, na pasipo kumbukumbu hiyo ni salama kuziacha kama zilivyo, kisha kuanza utaratibu mpya msimu ujao.