Meli haipiti Bahari ya Shamu, lakini nauli ilipanda: Mtwara ndani ya dunia isiyotulia

Meli ya korosho ghafi inayotoka bandari ya Mtwara kwenda Tuticorin, India, au Ho Chi Minh, Vietnam, haikaribii Bahari ya Shamu. Inakata Bahari ya Hindi. Hata hivyo, Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, walipoanza kushambulia meli Novemba 2023, nauli za makontena zilipanda hata kwenye njia zisizofika huko. Meli za Asia na Ulaya ziliukwepa Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, safari zikaongezeka siku 10 hivi au zaidi. Meli na makontena yakakaa baharini muda mrefu, machache yaliyobaki yakagombewa.

Mnunuzi wa korosho mnadani hupiga hesabu kuanzia mwisho: bei ya korosho iliyobanguliwa, toa gharama za kubangua, toa nauli, kinachobaki ndicho anachoandika kwenye zabuni. Kwa hiyo nauli humkata mkulima wa Tandahimba bila yeye kuiona. Mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/2025 ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na bei nzuri kama hiyo huficha makato.

Wanaosema vurugu za dunia zinatengenezwa na mataifa makubwa wana ushahidi. Katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Urusi ilitumia kura ya turufu Februari 2022 kuhusu Ukraine; Marekani imeitumia zaidi ya mara moja kuhusu Gaza. Chombo cha rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kimekwama tangu Desemba 2019 kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa waamuzi. Kisha Aprili 2025 Marekani ikatangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam, baadaye ukashushwa hadi 20. Vietnam inanunua sehemu kubwa ya korosho ghafi yetu, inabangua, inauza Marekani. Nchi ndogo inayoonewa katika biashara haina tena mahali pa rufaa, na hilo ni jambo zito kuliko ushuru wenyewe.

Ila vuka mto Ruvuma uingie Msumbiji, maelezo hayo yanapungua nguvu. Vita vya wapiganaji wa Kiislamu katika jimbo la Cabo Delgado vilianza mji wa Mocímboa da Praia Oktoba 2017, miezi michache baada ya wachimbaji wadogo wa rubi kufukuzwa Montepuez, katika jimbo ambalo vijana waliona utajiri ukipita mbele yao. Jina la Dola ya Kiislamu lilikuja baadaye. Kitaya, upande wetu, ilishambuliwa Oktoba 2020. Palma Machi 2021. Kusema "mabeberu wanataka gesi" kunawaondolea lawama waliotawala jimbo lile kwa miaka mingi. Na Mtwara inajua hasira ya namna hiyo, kwani ilionekana mitaani Januari na Mei 2013 kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu wa nje hawakuuanzisha mgogoro wa Cabo Delgado. Walichofanya ni kuurefusha kwa silaha na itikadi, na wengine, Rwanda na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kuuzuia kwa askari kuanzia 2021. Jeshi la SADC liliondoka 2024 kabla kazi haijaisha.

Hukumu yangu, basi, inategemea kitu gani kinapimwa. Bei na nauli zinaamuliwa mbali. Bunduki hupata watu wa kuibeba kwa sababu za hapohapo.

Na udhaifu wetu una sehemu tunayoweza kuigusa: salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mwongozo wa kawaida dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoua maua ya korosho, ni gramu 250 kwa mkorosho, mara 5, kila baada ya wiki 2 hadi 3. Mikorosho 100 inahitaji mifuko 5 ya kilo 25. Salfa nyingi duniani ni zao la kusafisha mafuta na gesi, kwa hiyo kila mtikisiko wa Ghuba au Urusi unaifikia. Inatakiwa iwe ghalani kabla ya machipukizi na maua, sio meli ikisubiriwa wakati unga mweupe umeshatanda. Maua yaliyokauka hayarudishwi na ruzuku. Akiba ya msimu mmoja, ikihifadhiwa pakavu juu ya mbao, mbali na moto, ingekata kamba moja kati ya hizi zinazotufunga na bahari za wengine.