Mumia, Mumiani na Ulimi Uliokatwa

Kijana ameachwa peke yake chumbani na kisanduku alichokatazwa kukifungua. Nyuma yake maiti ya kale imesimama ndani ya jeneza lililoegemezwa ukutani. Anakifungua, anatoa hati ya mafunjo, anaanza kuisoma kwa mnong'ono. Kope za maiti zinaachana kidogo, kiasi cha kuona mng'ao tu. Mkono unateremka taratibu. Halafu kiganja kinatua mezani, kijana anapiga ukelele, na ukelele ule unageuka kicheko kisichokatika. Mwisho tunaonyeshwa ncha mbili za vitambaa zikiburutwa sakafuni kuelekea mlangoni.

Hiyo ni The Mummy ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Karl Freund. Boris Karloff alikaa karibu saa nane akipakwa na kufungwa vitambaa na mrembaji Jack Pierce, yote hayo kwa dakika chache za mwanzo. Baada ya pale, ukiacha kumbukumbu fupi ya jinsi alivyozikwa hai, hatumwoni tena amevaa sanda. Anarudi akiwa na joho na tarbushi, mtu mrefu, mkavu, mwenye adabu nyingi, anayejiita Ardath Bey ingawa jina lake la kale ni Imhotep. Wengi hudhani filamu za mumia, yaani maiti iliyokaushwa ya Misri ya kale, ni za maiti inayotembea mikono mbele. Ile iliyoanzisha ukoo wote haina hata hatua moja ya namna hiyo.

Nazipenda filamu hizi, na nimezitazama mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nimewasikia pia wanaozikataa, wanaosema ni masimulizi ya kikoloni yanayomfanya Mwafrika aliyekufa kuwa jinamizi la Mzungu aliyemfukua. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zina ukweli. Kipimo ninachotumia kuzitenganisha filamu nzuri na mbovu ni kimoja: je, maiti imeachiwa ulimi?

Tuanze na mvuto wenyewe. Mumia hana haraka. Huenda polepole kwa sababu amesubiri miaka elfu tatu na zaidi, na kusubiri hadi kesho si kitu kwake. Hafanani na mnyama mwenye njaa. Anafanana na mdai. Kuna kitu chake kilichochukuliwa, anajua nani anacho, naye anakuja. Atakayejifungia atakutwa ndani, atakayehamia nchi nyingine atafuatwa. Kwa Kiswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa, na hofu ya filamu hizi ni ya watu waliokwisha kujua kwamba wana deni.

Deni hilo lilikuwa bichi wakati filamu inatengenezwa. Mchimbaji Mwingereza Howard Carter aliligundua kaburi la Firauni Tutankhamun Novemba 1922, miezi michache baada ya Uingereza kutangaza uhuru wa Misri, uhuru wenye masharti tele. Mfadhili wake, Lord Carnarvon, aliuza haki za habari kwa gazeti moja tu, The Times la London. Waandishi wengine, wa Misri wakiwemo, wakabaki nje ya lango wakitafuta cha kuandika. Carnarvon alipofariki Cairo Aprili 1923, jeraha la kuumwa na mbu likiwa limeingia sumu, magazeti yalipata habari isiyohitaji kibali cha mtu: laana ya Firauni. Carter mwenyewe, aliyekuwa wa kwanza kuchungulia ndani, aliishi hadi 1939. John Balderston, mwandishi wa mswada wa filamu ya 1932, alikuwa miongoni mwa wanahabari walioripoti habari za kaburi lile.

Ndiyo maana mazungumzo ya filamu ile yana uchungu ambao mtu hautarajii. Mchimbaji kijana analalamika kwamba vitu vyote walivyovipata vinabaki kwenye jumba la makumbusho la Cairo. Baba yake anajibu kwamba ndivyo mkataba ulivyo, na kwamba wao wako pale kwa ajili ya elimu, hawakuja kupora. Kabla ya hapo Ardath Bey anamwonyesha kijana huyo na mwenzake mahali pa kuchimba, na anapoulizwa kwa nini hakuchimba mwenyewe, anajibu kwa upole kwamba Wamisri hawaruhusiwi kufukua wafu wao wa kale, wanaoruhusiwa ni makumbusho ya kigeni. Maneno hayo yanasemwa na mumia mwenyewe, ana kwa ana na mtoto wa aliyemfukua. Sijui filamu nyingi za kutisha za enzi ile zilizompa kiumbe wake hoja nzito kiasi hicho.

Wanaozikataa nao wana hoja. Imhotep wa kweli alikuwa waziri wa mfalme Djoser, ndiye anayetajwa kuwa msanifu wa piramidi ya ngazi ya Saqqara, na vizazi vya baadaye vilimwabudu kama mungu wa tiba. Filamu ilichukua jina lake, ikambandika mtu aliyezikwa hai kwa kosa la kutaka kumfufua mpenzi wake. Ankhesenamun, mke wa Tutankhamun, naye aliporwa jina vivyo hivyo, likapewa mpenzi huyo. Karloff alikuwa Mwingereza. Noble Johnson, mwigizaji Mmarekani mweusi mwenye kipaji, alipewa nafasi ya mtumishi anayeitwa "Mnubi" tu, bila jina, anayetawaliwa akili kwa nguvu za kichawi. Kwa mtazamaji wa Afrika haya yanauma, na hakuna sababu ya kujifanya hayaumi.

Hali ilizidi kuharibika kuanzia 1940, studio ya Universal ilipoanza mfululizo wa mumia mwingine, Kharis, kwa The Mummy's Hand. Picha za zamani zilitumiwa upya, kila filamu ikawa ya saa moja hivi, na mumia akawa mtumwa anayeendeshwa kwa majani yaliyochemshwa ya tana, mmea wa kubuni: matatu ya kumweka hai, tisa ya kumtembeza. Na ulimi wake, hadithi inasema, ulikatwa kabla hajazikwa, ili miungu isisikie laana zake. Nadhani hapo ndipo palipotokea kosa kubwa. Aliyekuwa na madai sasa hawezi kuyasema. Anayesema kwa niaba yake ni kuhani wa Misri mwenye tarbushi, ambaye filamu baada ya filamu anasahau kiapo chake mara anapomwona msichana. Msiba wa kufukuliwa unageuka kuwa kisa cha tamaa, na wachimbaji wanatoka humo wakiwa safi. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Kharis hakuulizwa, na alinyang'anywa hata uwezo wa kulalamika kwamba hakuulizwa.

Mashabiki wa Lon Chaney Jr., aliyemcheza Kharis mara tatu, watasema namwonea, na The Mummy's Ghost ya 1944 inawapa nguvu. Mwishoni mwake msichana aliyekuwa akiwindwa anazeeka mikononi mwa Kharis, nywele zinakuwa nyeupe, na wote wawili wanadidimia kwenye kinamasi huku mchumba wake akitazama. Maiti imepata ilichokifuata. Ni filamu ya bei rahisi, lakini mwisho ule nimeukumbuka kwa miaka mingi.

Sisi wasema Kiswahili tuna sababu yetu ya kuzitazama filamu hizi kwa karibu, nayo imo ndani ya neno lenyewe. Mumia na mumiani ni ndugu. Chanzo ni neno la Kiajemi, mum, yaani nta, lililozaa jina la lami nyeusi iliyotoka miambani Uajemi ikatumiwa kuunga mifupa na kutuliza maumivu. Wazungu walipotafsiri vitabu vya tiba vya Kiarabu waliichanganya lami hiyo na utomvu mweusi ulioganda juu ya maiti za Misri, na kwa karne kadhaa wauza dawa wa Ulaya waliuza maiti zilizosagwa. Mwaka 1582 tabibu Mfaransa Ambroise Paré aliandika kuipinga dawa hiyo, lakini biashara iliendelea. Kwetu pwani mumiani ilikuwa dawa nyeusi ya kunata, ya kupaka au ya kunywa ikiwa imeyeyushwa katika samli. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaieleza hivyo, kisha inasema wengi waliamini kwamba ni damu ya watu iliyogandishwa. Enzi ya ukoloni neno likahama kutoka kwenye dawa likamshika anayeitafuta: mumiani akawa mnyonya damu anayetumwa na wakubwa, na katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika lawama zikawaangukia wazimamoto.

Uvumi ule haukuwa kweli, na uliwaletea madhara watu wasio na hatia. Hata hivyo tazama jinsi hofu mbili zilivyotoka kwenye biashara moja. Ulaya, iliyokula maiti za Afrika kama dawa na kuzifungua vitambaa mbele ya watazamaji London, iliota kwamba maiti hizo zinakuja kuichukua. Afrika Mashariki iliota mgeni aliye hai akija usiku kuchukua miili yetu. Ndoto yetu ndiyo iliyoelekeza kidole upande ambao miili ilikuwa ikienda kweli. Mumia ya mfalme, ambayo wataalamu wengi wanaamini ni Ramesses I, ilikaa zaidi ya karne moja kwenye jumba la maonyesho huko Niagara Falls, na ilirudi Misri mwaka 2003 tu.

Studio ya Hammer ya Uingereza ilipoichukua hadithi hii mwaka 1959, Christopher Lee naye akiwa Kharis asiye na ulimi, angalau ilimpa Mmisri nafasi ya kujibu. Mehemet Bey, aliyechezwa na George Pastell, anamkaribisha mchimbaji nyumbani kwake na kumuuliza kama haoni vibaya kufungua makaburi ya watu na kuwaweka wafu waangaliwe na umati. Mchimbaji, ambaye ni Peter Cushing, anamjibu kwa kumtukana mungu wake, akijua wazi kwamba anamchokoza. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara huwa upande wa mwenyeji. Filamu haikukusudia hivyo, lakini imeniachia mlango.

Ukitaka kuona somo hili likisimuliwa na wenyewe, iko filamu ya Mmisri Shadi Abdel Salam ya mwaka 1969, Al-Mummia. Humo hakuna maiti inayoinuka. Kijana Wanis amemzika baba yake, na siku hiyohiyo anaambiwa siri: kabila lake linaishi kwa kuuza vitu vya wafu waliofichwa mlimani. Kuna hofu tele, lakini yote ni ya walio hai, ya kujua mkate uliokula utotoni umetoka wapi. Kisa chenyewe kimejengwa juu ya jambo lililotokea. Mwaka 1881, karibu na Luxor, familia moja ilifichua shimo la Deir el-Bahri lililojaa wafalme, na idara ya mambo ya kale ikawapakia kwenye meli kuwapeleka Cairo. Meli ilipokuwa ikipita, wanawake wa vijijini waliifuata ukingoni mwa Nile nywele wazi wakiomboleza, na wanaume wakapiga bunduki hewani kama wanavyofanya kwenye mazishi.