Malele ya mkokoni: DNA ipewe kila kitu?

Juzi barazani hapa Amu kijana mmoja anayesoma baiolojia alituambia kuainisha laikeni kwa wembe na mikroskopu kumepitwa na wakati, siku hizi wapima DNA tu kwisha. Nusu namkubalia, nusu siwezi.

Laikeni si mmea, ni kuvu aliyemuweka mwani ndani yake, kuvu ampa makao na mwani ampikia chakula kwa jua, na jina la kisayansi lafuata kuvu. Chukua malele, Roccella montagnei, yale ya kijivu yanayoning'inia kwenye miti kama vitepe, ambayo karne ya 19 pwani yetu ilikuwa ikiyauza Ulaya yakatolewe rangi ya zambarau. Ukiyakwaruza kwa ukucha chini ya ngozi yatokea rangi ya machungwa hivi, huo ndio mwani wake, halafu ukidondosha tone la dawa ya kung'arishia nguo nyeupe panakuwa pekundu papo hapo. Maabara yote ni ukucha na chupa ya kufulia!

Lakini sura nayo hudanganya, hapo kijana ana haki kabisa. Kuna laikeni ya Amerika, Cora, miaka na miaka ilihesabiwa spishi moja tu, mwaka 2014 watafiti wakasoma vinasaba wakakuta 126. Sasa angalia hapa, walipozirudia kuzitazama vizuri wakaona kumbe hata kwa macho zinatofautiana, ni vile hakuna aliyejua atazame wapi.

Na DNA pia hukwama. Kule Amerika Kaskazini kuna laikeni mbili za jamii ya Bryoria, moja ya kahawia watu waliila, nyingine ya njano ina sumu, ukipima kuvu mkuu hawatofautiani, ukipima mwani ni yule yule, watu wakachanganyikiwa mpaka 2016 akaonekana kuvu mwingine wa jamii ya hamira, amejaa zaidi kwenye ile ya njano. Vinasaba ndivyo vilivyomfichua, sawa, ila kwamba anaishi kwenye ngozi ya nje ilijulikana kwa mikroskopu.

Tena kipande kimoja cha laikeni kina mwani, bakteria, na kuvu wapita njia, ukizembea kidogo wasoma DNA ya mgeni na kuiandikia jina la mwenye nyumba.

Kwangu mimi undugu uamuliwe na vinasaba, hilo sibishani, ila spishi isiyo na alama yoyote ya kuonekana nani ataihesabu huku mikokoni, na mikoko yenyewe yakatwa kila siku kwa boriti? Basi mwanangu, peleka sampuli yako maabara, lakini kipande kingine kitie kwenye bahasha ya karatasi, uandike mti gani, tarehe gani, na ulipokitilia dawa kilibadilika rangi gani.