Kisu cha mpira, panga la kweli

Mazoezi mengi ya karate na judo ya kujihami hufika mahali vijana wanapapenda: mmoja anapewa kisu cha mpira, anachoma, mwenzake anadaka mkono, anauzungusha, kisu kinaanguka. Makofi. Kwa Dodoma ya sasa, mvuto wake unaeleweka. Mwanafunzi wa UDOM anayerudi geto Ng'ong'ona usiku, au bodaboda anayempeleka abiria Nala saa sita, hana askari pembeni. Wanaotetea mafunzo haya husema asiyefundishwa kitu huganda, na hapo nakubaliana nao.

Ninachokitilia shaka ni lile pigo moja. Mshambuliaji wa ukumbini huchoma mara moja, akauacha mkono hewani usubiri kudakwa. Kibaka huchoma na kuchomoa mfululizo, mkono wa pili umekukunja shati. Anayebisha avae fulana nyeupe, ampe mwenzake maka peni, amwambie achore bila huruma. Wenye mikanda myeusi nao hutoka wamechorwa shingo na tumbo. Panga ni balaa zaidi, maana linakufikia kabla hujamfikia mwenye nalo.

Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu huvuka futi 21, karibu mita sita na nusu, kwa sekunde 1.5 hivi, sawa na muda wa askari kuchomoa bastola na kufyatua. Huyo ana bastola. Wewe una viganja.

Hata hivyo sitaki vijana waache mazoezi. Mpangilio wa judo wa kujihami, Kodokan Goshin Jutsu wa mwaka 1956, una mbinu 21: 12 za kumkabili asiye na silaha, ikiwemo ya kukabwa shingo kutoka nyuma, na 9 tu za kisu, fimbo na bastola. Kukabwa huko ndiyo roba yetu ya mtaani, na hapo judo inalipa kweli: kushusha kidevu, kuokoa pumzi, kuanguka bila kuvunjika, kuinuka na kukimbia. Ajabu ni kwamba wengi huyaruka hayo ili wafike kwenye kisu.

Jambo jingine lisilofundishwa ni sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujihami, lakini kifungu cha 18B kinaruhusu nguvu inayohitajika kwa kiasi tu. Ukishampokonya kisu, ukamfukuza na kumchoma mgongoni, kesi inageuka kuwa yako.

Kwa hiyo akitaka simu, mpe. Mbinu ya kisu ibaki kwa yule asiyetaka simu bali anakutaka wewe, na njia ya kukimbia haipo. Huyo mshike mkono wenye kisu kwa mikono yako yote miwili, usiuachie, upige kelele.