Ave Maria ya Schubert: polepole kiasi gani, chini kiasi gani?

Kwenye ndoa za Jumamosi hapa Bukavu, mji wa Kivu mashariki mwa Kongo, hakuna korali inayobishana kama Ave Maria ya Franz Schubert, mtunzi wa muziki wa Austria, iimbwe au isiimbwe. Itaimbwa tu. Ubishi uko kwenye mwendo na ufunguo, yaani wimbo uimbwe kwa sauti za juu au za chini kiasi gani, na kila upande una rekodi kwenye simu ya kuwanyamazisha wenzao. Kuna wanaotaka ivutwe polepole kabisa, katika ufunguo wake wa asili. Kuna wanaotaka isogee, na ishushwe ili dada anayeimba asiteseke.

Wa kwanza wana karatasi ya muziki upande wao. Schubert aliutunga wimbo huu mwaka 1825 katika ufunguo uitwao “si bemoli meja”, na juu ya mstari wa kwanza akaagiza kwa Kijerumani uende polepole sana. Ukiwaambia wanavuta mno, watakuonyesha hapo. Lakini karatasi hiyohiyo ina jambo wanaloliruka: mkono wa kulia wa piano unapiga noti kwa mafungu ya sita sita bila kupumzika, kuiga kinubi. Pigo ni la pole, ndani yake kuna maji yanayotiririka. Mpigaji akichelewa hadi kila noti katika zile sita ihesabike peke yake, kinubi kimekufa, na mwimbaji analazimika kuvuta pumzi katikati ya jina la Maria.

Chombo nacho kina lawama yake. Sauti ya piano huanza kufifia mara tu noti inapopigwa, na mafungu yale ya sita ndiyo yanayoishikilia. Parokia zetu nyingi zina kinanda cha umeme, na wapigaji wanapenda kuchagua sauti ya vayolini, ambayo haififii kidole kikiwa bado kimebonyeza. Noti zinapandana, unabaki ukungu mtupu, na hapo mwendo wowote utasikika mzito. Mimi ningeanza kwa kubadilisha sauti ya kinanda kabla ya kugombana na mtu.

Kuhusu ufunguo sina shida na wanaoushusha. Wimbo huu hauna noti ya kutisha. Ugumu wake ni kukaa juu kwa sauti ndogo bila kutetemeka. Tarehe 9 Aprili 1939 Marian Anderson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito ya kontralto (sauti ya kike ya chini kabisa), aliuimba Washington mbele ya watu wapatao 75,000, baada ya kunyimwa ukumbi kwa sababu ya rangi yake. Sijasikia mtu akilalamika kwamba sauti ile haikuufaa wimbo. Kushusha kuna mpaka, lakini. Ukishuka sana, mafungu ya piano yanaingia eneo la besi na kuwa matope, kwa hiyo toni moja (kama kutoka do hadi re) au moja na nusu inatosha.

Rekodi za zamani, ambazo wanaotaka isogee wanazipenda sana, ni shahidi dhaifu. Upande mmoja wa sahani kubwa ya santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba dakika nne hadi tano. Beti tatu zikiimbwa bila haraka zinakaribia dakika sita. Basi ama ubeti mmoja ulikatwa, ama watu waliharakishwa. Tena, sahani ikizungushwa haraka zaidi kwa asilimia sita hivi, wimbo wote unapanda nusu toni, mwendo na ufunguo kwa pamoja. Faili iliyokufikia kwenye WhatsApp haikuambii ilizungushwaje.

Hata hivyo, naona pande zote mbili zinakosea zaidi kwenye hisia ya wimbo. Maneno ya kwanza hayakuwa sala ya Kilatini. Schubert alitumia tafsiri ya Kijerumani ya Adam Storck kutoka shairi la Mskoti Walter Scott la mwaka 1810. Anayeimba ni Ellen, binti aliyejificha pangoni na baba yake wakati vita inakaribia, na anamwomba Bikira wapate kulala salama hadi asubuhi hata kama binadamu ni wakatili. Usiku wa namna hiyo hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa Kivu. Kilatini kiliwekwa baadaye, na wimbo ukaanza kutembea kwa fahari ya maandamano. Schubert mwenyewe aliwaandikia wazazi wake mwaka uleule kwamba hajilazimishi kamwe kuwa mchaji. Mtu aliyejificha husema kwa sauti ya chini, lakini havuti maneno. Ndiyo maana nasimama karibu zaidi na wanaotaka isogee, ingawa wao wanaifanya tamu mno.

Kwenye jengo, wapenda polepole nawapa haki yao. Ndani ya kanisa kubwa la mawe mwangwi unadai nafasi, usipoipa maneno yanagongana. Chini ya mabati kule Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, mvua ikianza, mwendo huohuo unaacha mashimo matupu. Aliyerekodi studio hakuwa na shida hizo mbili, kwa hiyo kumwiga kwa kuhesabu sekunde hakusaidii.

Siwadai maharusi wakubali Kijerumani. Kilatini kibaki, na beti mbili zinatosha. Ila korali ziache kupaza sauti ubeti wa mwisho kwa ajili ya kamera. Schubert aliandika noti mara moja tu na beti zote tatu zimepangwa chini yake. Ishara ya kuimba kwa sauti ndogo inayoanza ubeti wa kwanza ndiyo hiyohiyo inayoanza wa mwisho.