Siyo kila mtoto amekimbia njaa
Nimesoma makala kuhusu watoto wa mtaani; mwandishi wake anasema mtoto akirudishwa kwao na kaya ikaingizwa TASAF, ule mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, basi kazi imekwisha. Mimi nauza chai na vitumbua karibu na stendi ya Moshi, hao watoto nawakuta alfajiri wamejikunyata kwenye maboksi, chupa ya gundi imefichwa ndani ya mkono wa sweta. Mmoja alikuwa ananisaidia kuosha vikombe. Afisa ustawi wa jamii alimpeleka mpaka kwao Rombo, na madaftari akapewa. Wiki ya pili huyu hapa, anacheka, madaftari kauza. Hakukimbia njaa, alikimbia fimbo za baba wa kambo. Ruzuku anapokea mama, lakini mwenye fimbo ni mwingine, na hela haimwondoi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mtoto kama huyo alelewe na familia nyingine, wenyewe wanaita malezi ya kambo (jina lenyewe lingemtimua yule kijana tena!). Jamani, hapa Moshi kuna aliyewahi kuomba kulea mtoto kwa njia hiyo? Ulianzia ofisi ya kata au moja kwa moja halmashauri?